Msimu Niliofungwa Taya

Naandika haya huku natafuna karanga. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna mtu atasoma hapa akiwa wodini na waya mdomoni, anamtazama jirani yake anavyokunja chapati, na anajiona ndiye kiumbe aliyesahauliwa kuliko wote duniani. Ndugu yangu, kitanda hicho nimekilalia. Karanga hizi ni za kukaanga, ngumu kama kokoto za reli, na zinasagika. Soma taratibu, huna pa kwenda.

Mimi ni Mihayo, mnunuzi wa asali hapa Ng'ambo, Tabora. Shule niliimalizia ukubwani, masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na watoto wa wateja wangu. Mtaani najulikana kwa mdomo. Mke wangu Tatu, mama wa mwanangu Sijali, husema akinituma sabuni nitarudi baada ya Magharibi na habari za mji mzima, na sabuni nimeiacha dukani. Ni kweli. Ila hajasema kwamba habari zenyewe ni tamu.

Sasa sikia jinsi mdomo huo ulivyonyamazishwa.

Kulikuwa na injinia mmoja mstaafu, mtu mpole, aliyejifunza urubani uzeeni na kununua kindege cha viti vinne. Alitaka asali kwa wingi, na kabla ya kununua alitaka kuyaona mapori yenye mizinga kwa macho yake. Kijiji nilichozaliwa kiko mbele ya Urambo, ndani kabisa, na mvua za mwezi wa pili zilikuwa zimekata barabara. Injinia akaniambia, "Mzee Mihayo, huko juu hakuna matope." Nikakubali kabla hajamaliza. Kufika jioni Ng'ambo nzima ilikuwa na habari, na kile kindege, kwa namna nilivyokuwa nakisimulia, kilikuwa kimeshafikisha viti mia mbili na choo.

Pale kijijini kuna kiwanja cha zamani cha wawindaji, siku hizi ni malisho. Nikampigia simu Shangazi Nyamizi. Huyu ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea, akiniita kwa utani mume wake mdogo, kwa sababu mama alifariki sijaota jino hata moja. Meno yote niliyokuwa nayo yaliota nikila chakula chake.

"Shangazi, majani yafyekwe na ng'ombe wasionekane. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Na wewe mwenyewe utakuwemo humo?"

"Mbele kabisa, ubavuni kwa dereva."

"Basi njooni," akasema. "Hamtakanyaga vumbi."

Nikadhani ni maneno tu ya ukarimu.

Safari ilikuwa fupi na nzuri kupita kiasi. Nililiona pori lote la miombo limelala chini kama zulia, na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ukipanda huku na kule. Kiwanja kikaonekana, cheupe, kimefyekwa vizuri. Injinia akashusha. Tuligusa ardhi kwa kishindo tukarushwa juu, kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Tukagusa tena, na nikasikia kitu kikivunjika chini ya nyayo zangu, mlio mkavu. Injinia akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sahani, "Tairi la mbele limekwenda."

Naomba uyashike maneno hayo, kwa sababu uhai wa mtu ulikuja kuning'inia juu yake.

Baada ya hapo pua ya ndege ikainama, ndipo nikaona rangi kule mwisho wa kiwanja. Nyekundu, njano, bluu, kijani, kutoka ukingo hadi ukingo. Zilikuwa khanga. Shangazi na kina mama wa kijiji walikuwa wamezitandika chini, wamezikandamiza kwa vijiwe ili upepo usizichukue, wao wenyewe wamepanga mstari kila upande. Kwetu bibi harusi hutandikiwa khanga ili asikanyage vumbi, na askofu akija hutandikiwa. Shangazi aliona mtoto anayeshuka kutoka angani hawezi kupewa chini ya hapo. Tuliingia juu ya zile khanga tukiwa tunaburuta pua, udongo umejaa kioo chote, halafu dunia ikapinduka.

Nilijikuta nimening'inia kwenye mkanda, kichwa chini, petroli inanuka. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni vigelegele. Havikukoma. Wale kina mama wa mwisho kabisa wa mstari hawakujua kwamba ndege haitui hivyo, wakaendelea kushangilia kwa moyo wote, na mimi nikiwa nimening'inia pale nikawaza: kumbe tumefika salama. Hata leo, nikisikia vigelegele vya harusi mtaa wa pili, mikono inatafuta mahali pa kushika.

Walitutoa, wakatubeba kwa trekta hadi lami. Injinia alivunjika nyonga na mbavu, akapelekwa Dar es Salaam. Kuanzia ile asubuhi alipopiga mswaki hadi alipoamka hospitali, hakumbuki kitu chochote. Alinipigia baadaye akalia, akaniuliza mimi ndege yake ilianguka vipi. Kwa hiyo dunia nzima aliyesikia tairi likivunjika, na aliyesikia maneno yale, nilibaki mimi peke yangu.

Na mimi nilikuwa sina mdomo.

Taya la chini lilivunjika sehemu mbili. Meno sita sijui yalikwenda wapi, labda yamezikwa kiwanjani. Siku ya tatu nilimnyang'anya Tatu simu nikajitazama kwenye kioo chake. Sikupiga kelele kwa sababu sikuwa na pa kupitishia. Uso ulikuwa umevimba kama tikiti la Igunga, rangi ya zambarau, jicho moja limezama lisionekane. Nilishangaa kwa dhati. Niligeuka nyuma nione ni nani anayejitazama.

Daktari wa kinywa akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, yashikane mpaka mfupa uunge. Akasema wiki kama sita. Halafu nesi akamkabidhi Tatu plaizi ya kukatia waya, ile ile ya mafundi umeme.

"Mama, hii utalala nayo, utaoga nayo. Akianza kutapika, muinamishe kichwa mbele. Matapishi yakikosa njia, kata hapa, hapa, na hapa. Usisubiri mtu."

"Mimi?" Tatu akauliza.

"Wewe ndiye utakayekuwa naye."

Tatu akaitia kamba akaivaa shingoni kama rozari, na aliivaa mpaka ikamwachia alama.

Wewe uliyefungwa, nikupe machache niliyojifunza. Mrija ukate mfupi, uupenyeze pale pengo la jino lilipo. Sikujua kwamba siku moja nitashukuru kwa pengo. Chochote kinachosagika kwenye blenda ni chakula: wali, maharage, kisamvu, hata samaki, ukishaondoa miba. Rangi yake usiitazame. Mate yatakudondoka, tembea na kitambaa. Mdomo utanuka na utaona wanaokupenda wakigeuza shingo kidogo wakati wa kukusalimia. Wasamehe, maana mimi mwenyewe nilikuwa natamani kujigeuzia shingo. Suruali zitakukimbia. Mimi niliondoka na kitambi cha mjumbe wa bodi, nikabaki nimekaa ndani ya shati kama nimepanga chumba.

Na lile la kutapika si hadithi. Lilinipata mchana mmoja, baada ya dawa. Joto likanipanda masikioni, na nikamuona Tatu akisimama na plaizi mkononi, ameshaifungua. "Inama, baba Sijali, inama, inama," anasema, na machozi yanamtoka. Niliinama mpaka kipaji cha uso kikagusa magoti. Yakapita puani na kwenye pengo, maji matupu. Waya haukukatwa. Tulikaa sakafuni wote wawili, tumeloana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, kijana wa watu aliyekuwa amefungwa mguu, alitusukumia taulo lake kwa fimbo. Sijui jina lake, lakini namwombea.

Huzuni ya kweli, hata hivyo, haikuwa ndani ya wodi. Wiki ya kwanza ilipita, Shangazi hakuja. Ya pili ikapita. Huyu ni mwanamke ambaye nikipata mafua anapanda basi. Nikaandika kwenye simu, nikamwonyesha Tatu: *Shangazi yuko wapi?* Tatu akajifanya anatafuta kitambaa.

Nilipogonga kitanda kwa ngumi, akasema. "Amelala. Hatoki ndani. Anasema amemuua mtoto wa kaka yake kwa khanga."

Kule kijijini hakuna aliyemlaumu, lakini hakuhitaji wa kumlaumu. Wazo la khanga lilikuwa lake, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya, na aliamini ndizo zilizonasa magurudumu ya ndege. Alianza kwa kukataa nyama. Akakataa ugali. Habari zilizotufikia zilikuwa kwamba sasa ni uji kidogo, akilazimishwa sana.

Nikaandika ujumbe mrefu. Nikaeleza yote: kugusa mara ya kwanza, mara ya pili, ule mlio, maneno ya Injinia, na kwamba wakati huo sikuwa nimeona hata ncha ya khanga. Shangazi hajui kusoma, kwa hiyo nikautuma kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akaenda akamsomea kitandani. Jibu likarudi kwa mwenyekiti huyo huyo. "Anasema hayo maneno ni ya Tatu. Anasema Mihayo angekuwa hai angesema mwenyewe, kwa sababu hajawahi kunyamaza, hata kanisani."

Basi nikaona nimpigie. Tatu alikataa, nikamkazia macho, akapiga, akaniwekea simu sikioni. Mwenye waya anaweza kutoa sauti, lakini hutoka kama ng'ombe aliyekwama tope. Nilisema, "Shangazi, ni mimi, mimi mzima." Kilichotoka kilikuwa mmm-hhh-mmm na mate. Halafu nikasikia Shangazi akipiga ukunga, ule wa msibani kabisa, na majirani wakiingia mbio.

Alielewa kwamba amepigiwa simu ili asikie ninavyokata roho.

Siku iliyofuata uji ulikataliwa. Ikabaki chai ya rangi.

Wiki zile sikuwa mtu. Nilizoea kwamba jambo lolote likiharibika, hata kama ni mimi niliyeliharibu, nitaongea mpaka linyooke. Sasa nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwokoa mtu aliyenilea, imekaa nyuma ya waya, na naisikia inavyogonga. Siku moja nilimrushia Tatu kikombe. Naam, kikombe, na kilikuwa na supu aliyoisaga tangu alfajiri. Aliokota vipande, akasema bila kupandisha sauti, "Nimeolewa na redio, Mihayo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiomba mtu aizime. Sasa sijui niombe nini." Akaenda kukaa nje kwenye ngazi na plaizi yake shingoni.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani, nikawa narudi kliniki. Benchi la kliniki ya kinywa ni baraza la wapanda bodaboda. Kila mmoja ana waya, kila mmoja na pikipiki yake. Jamaa mmoja aliyebandikwa plasta kidevuni, ambaye bado hajafungwa, alikuwa akihoji kila anayeingia.

"Mzee, boda?"

Nikatikisa kichwa.

"Bajaji?"

Nikatikisa.

"Ulikuwa unatundika mzinga ukaanguka?"

Tatu akamjibu, "Ndege. Alikuwa kwenye ndege ndogo ya mtu binafsi, ikapinduka ikitua."

Benchi zima likageuka. Wote wana waya, hakuna anayeweza kusema neno, likatoka vumo moja tu, mmmm, kama mzinga uliochokozwa. Yule jamaa akanitazama viatu, akanitazama shati. "Mama, tusidanganyane. Huyu ni boda." Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kisa kisichohitaji kuongezewa kitu, na hakuna aliyekiamini. Mabega yakaanza kunitikisika, na kucheka ukiwa na waya kunauma kama kupigwa upya. Nilicheka hivyo hivyo.

Waya ulitolewa mabani yakiwa yamepoa na tumbaku imeshapelekwa sokoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipanga maneno yangu yote. Daktari akakata, akavuta, akasema, "Haya mzee, fungua."

Nikafungua. Daktari akasema tena, "Fungua." Nikamwambia kwa macho kwamba nimeshafungua. Mdomo ulikuwa umeachana upana wa sarafu.

Hakuna aliyekuwa ameniambia hilo, kwa hiyo mimi nakuambia wewe: waya ukitoka, taya limeshasahau kazi. Usiogope kama nilivyoogopa mimi. Nilitokwa jasho mpaka kiti kikaloa. Utapewa vijiti bapa vya mbao, utavipanga kimoja juu ya kingine katikati ya meno, kila baada ya siku chache unaongeza kimoja. Inauma. Vipange. Hizi karanga ni matunda ya vijiti hivyo.

Sauti ilikuwepo, nyembamba, inapita kwenye ufa. Daktari akataka nirudi baada ya siku tatu. Tatu akamwambia, "Daktari, tutarudi. Kwanza kuna mtu anatakiwa asikie hii sauti." Tukatoka kliniki moja kwa moja hadi stendi. Barabara ya kijijini ilikuwa imekauka. Tatu alibeba unga wa uji, kwa sababu nilikuwa bado siwezi kingine.

Shangazi alikuwa amelala upande, ameelekea ukuta. Nilimwona mgongo kwanza. Mwanamke aliyekuwa akiinua gunia la mahindi peke yake alikuwa hajazi hata nusu ya godoro.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakugeuka. "Nani?"

"Mihayo."

"Mihayo hasemi hivyo."

"Nimevunjika taya, ndiyo maana. Shangazi, tairi lilivunjika kabla. Tulipogusa chini mara ya pili, lilivunjika. Injinia akasema tairi la mbele limekwenda. Khanga nilikuja kuziona baadaye."

Akauuliza ukuta: "Alisema kwa sauti gani?"

"Ya kawaida tu."

"Na hukuwa umeziona?"

"Hata moja."

Akageuka taratibu. Macho yalikuwa makubwa, uso umebaki mifupa. Alinitazama meno yaliyokosekana, alinitazama kovu, akayatembeza macho mpaka kwenye mkanda niliouongezea matundu kwa msumari.

"Unaongeza, Mihayo," akasema. "Tangu mtoto unaongeza. Ukiona panya unasema chui. Sasa umeona nimezeeka, umekuja kunipunguzia."

Msimu mzima nilikuwa nimesubiri mdomo, na mdomo nimeuleta, na haukufaa kitu kwa sababu ulikuwa ni wangu. Nilikaa chini kwenye kigoda. Kama una mtu wako ambaye humwambii kitu akakiamini, utaelewa.

Tatu aliingia na bakuli la uji. Ilikuwa saa yangu ya kula. Akanipa kijiko, nikajaribu. Kijiko kikagonga meno, hakikupita, uji ukamwagika kidevuni na kifuani. Nikajaribu kwa ubavu wa kijiko. Kikagonga tena.

Shangazi alikuwa ameinua kichwa. "Tatu, ndivyo anavyokula?"

"Ndivyo, Shangazi. Leo ndiyo wametoa waya."

"Na wewe unamtazama?" Akajiinua kwa kiwiko, akakaa, miguu ikining'inia. "Lete hapa. Huyu halishwi hivyo. Huyu hata utotoni alikuwa mbishi wa kijiko."

Akachota kidogo sana, akapuliza, akakileta mdomoni mwangu. "Fungua. Aaa."

Umewahi kumlisha mtoto? Basi unajua kwamba hakuna binadamu anayeweza kumwambia mtoto afungue mdomo bila yeye mwenyewe kuufungua. Shangazi aliufungua wake wote, "aaa," ameinama kwangu, macho yote yako kwenye ule ufa wangu. Tatu alikuwa pembeni na kijiko cha kukorogea. Alikichovya kwenye bakuli, akakitia mdomoni mwa Shangazi.

Shangazi akameza kabla hajajua. Kijiko changu kikabaki kimesimama hewani. Akamgeukia Tatu, na mimi nikajiandaa kwa lolote.

"Tatu," akasema, akilamba mdomo, uso umemkunjamana. "Huu uji mbichi. Msimu wote umemlisha mume wangu mdogo uji wa namna hii? Nenda kaurudishe motoni, na uukoroge, usiuache ujikoroge. Halafu uulete wote."

Tatu, aliyepika uji kuliko mwanamke yeyote wa Tabora, hakubisha. Alilichukua bakuli akatoka nalo nje, na kutoka pale nilipokaa nilimsikia akipuliza moto huku analia.